David Agnew hakuwa mtu mmoja

Wengi hudhani kwamba mwandishi wa tamthilia ya televisheni akitumia jina la bandia, basi anaionea aibu kazi yake. Si lazima. Katika miaka ya 1970 BBC ilikuwa na jina "David Agnew", lililotumiwa na waandishi tofauti. Mwaka 1979 lilitajwa kwenye "City of Death", hadithi ya Doctor Who, kipindi cha BBC cha hadithi za kubuni za kisayansi. Walioiandika hasa ni Douglas Adams, mhariri wa miswada, na mtayarishaji Graham Williams, wakiisuka upya hadithi ya David Fisher. BBC haikupendelea watumishi wa kipindi wajitaje kuwa waandishi wake. Aibu iko wapi hapo? Mashabiki wengi bado wanaihesabu miongoni mwa hadithi bora za kipindi hicho, nami nakubaliana nao kabisa.