Ukuta wa Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, ukianguka, unamwendea nani?

Swali hili tunaulizwa sana pale makumbusho Lamu. Mtu anakuja na picha kwenye simu, ukuta umetoa tumbo, boriti imeoza, anauliza niende kwa gavana ama kwenu? Jibu ni refu kidogo, maana mji huu umebadilishiwa wakubwa mara nyingi.

Enzi za Sultan wa Zanzibar kulikuwa na liwali, mwakilishi wake hapa, na chini yake mudiri, na Mwingereza aliposhika mwambao 1895 alimwacha hapohapo. Makubaliano ya Oktoba 1963 yakatuingiza Kenya moja kwa moja, liwali na mudiri wakabaki kwenye hadithi za wazee. Kadhi peke yake ndo hakung'oka, mpaka leo yumo kwenye katiba, kifungu cha 170.

Alafu ikaja kanju, ndo halmashauri ya serikali za mitaa. Na hapa wengi hukosea, Lamu haikuwa manispaa, ilikuwa halmashauri ya kaunti ya ile sheria ya zamani, yaani mji wa mawe wa karne saba ulipangwa fungu moja na Mpeketoni na Faza, mwenyekiti na madiwani wapo lakini DC, mkuu wa wilaya wa serikali kuu, akikohoa wote kimya.

Katiba ya 2010 ikafagia hayo yote, na uchaguzi wa Machi 2013 ukatupa gavana. Kuwa manispaa nako kulikuwa na kichekesho chake, sheria ya miji ya 2011 ilitaka watu 250,000 wakati kaunti nzima, visiwa na bara, sensa ya 2019 ilihesabu 143,920! Kilichotuokoa ni kwamba makao makuu ya kaunti yanaruhusiwa bila kufikisha idadi hiyo, ndo maana leo kuna bodi ya manispaa.

Sasa turudi kwa ukuta wako. Ramani za ujenzi ni kazi ya kaunti na manispaa, lakini mji wa kale ni urithi unaolindwa kitaifa, na UNESCO waliuorodhesha 2001, kwa hivyo kibali cha kaunti peke yake hakitoshi, pitia na kwetu. Na tafadhali kabla hujatuona usimwite fundi akupigie simenti, ukuta wa matumbawe unapumua kwa chokaa, ukiuziba maji yanakaa ndani na mwaka wa pili plasta yote iko chini.