Kipimo cha tatu cha nini?

"Mtaalamu, tupime tena?" Aliyeuliza ni mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, kijiji kimoja chini ya Mlima Meru. Mkononi alikuwa na chupa tupu, tayari kwa sampuli ya tatu ya kisima kipya. Maji yake ukiyatazama ni safi kabisa. Ila floraidi, madini yanayoyeyuka majini na yakizidi hudhuru meno na mifupa, haionekani, na kuyachemsha hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki.

Nikageuza karatasi ya ajenda, nikapiga hesabu nyuma yake. Tarakimu ni za mfano tu. Kabla ya kupima, tuseme uwezekano wa floraidi kuvuka miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ulikuwa nusu kwa nusu. Chujio la mkaa wa mifupa, linalopunguza floraidi, ni shilingi milioni 12. Watu wakinywa maji mabaya, hasara ni milioni 40: meno ya watoto yanakuwa ya kahawia, na miaka ikienda hata mifupa inapinda. Kufungua bomba bila chujio ni kutarajia hasara ya milioni 20. Kuweka chujio ni 12, kwa hiyo asiyejua lolote aliweke. Anayejua kwa uhakika atalinunua pale tu linapohitajika, na kwa wastani atatumia milioni 6. Hizo 6 alizookoa ndiyo thamani ya juu kabisa ya kupima. Ada ya maabara haifiki hata robo yake, kwa hiyo kipimo cha kwanza hakina mjadala.

Ila vipimo viwili vilishatoa zaidi ya miligramu 4. Uwezekano ukipanda hadi asilimia 95, kujua kwa uhakika kunaokoa laki 6 tu, yaani asilimia 5 ya bei ya chujio. Na kipimo cha tatu hakina uhakika huo. Kikisoma miligramu 1, nani angeacha kuweka chujio? Tungesema chupa ilikuwa chafu. Jibu lolote lingetuacha palepale, kwa hiyo thamani yake ni sifuri. (Maofisini tunapenda "utafiti zaidi" kwa kuwa hauna lawama. Watoto wanaendelea kunywa.)

Mwenyekiti akaitazama chupa yake. Nikamuuliza kuhusu chemchemi ya shule. Huku visima jirani tu hutofautiana sana, na ile haijawahi kupimwa. Tukashuka nayo huko.