Mapezi ya gari: maana yake, na kilichobadilika chini ya bati

Ukitazama picha ya gari la Marekani la mwishoni mwa miaka ya 1950, jicho linakimbilia nyuma. Pale ambapo bati la ubavuni lingetakiwa kushuka kuelekea bampa, lenyewe linapanda, linachongoka, na kwenye ncha yake au chini kidogo kumewekwa taa nyekundu. Bati hilo lililosimama ndilo pezi. Jina limetokana na samaki, lakini waliolichora mara ya kwanza walikuwa wanafikiria ndege.

Ndege yenyewe ni Lockheed P-38 Lightning, ya kivita, iliyokuwa na viwiliwili viwili vyembamba vinavyoishia kwenye mikia miwili iliyosimama. Harley Earl, mkuu wa uchoraji wa magari wa kampuni ya General Motors, aliwapeleka wachoraji wake kuiona katika uwanja wa jeshi wa Selfridge, Michigan, wakati dunia iko vitani. Matunda yakaonekana kwenye Cadillac ya 1948, gari la kifahari la kampuni hiyo, iliyochorwa chini ya Franklin Hershey. Vilikuwa vipezi vidogo tu, kama uvimbe juu ya taa za nyuma. Taa ya kushoto ilifunguka kwenda juu, na chini yake ndipo ulipo mdomo wa tangi la petroli.

Je, pezi lina kazi? Fikiria mshale. Manyoya huwekwa mkiani, kwa sababu mshale ukianza kwenda upande, hewa inayasukuma manyoya na kuurudisha kwenye mstari. Kwa gari ni vivyo hivyo: upepo wa ubavuni ukisukuma zaidi sehemu ya mbele ya kitovu cha uzito, pua inageuzwa na dereva anapambana na usukani. Ukiongeza ubapa nyuma, msukumo wa upepo unasogea nyuma na gari linatulia. Kanuni hiyo ni ya kweli. Jaguar D-Type, gari la mashindano la Uingereza lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1955, 1956 na 1957, lilijulikana kwa pezi moja refu nyuma ya kichwa cha dereva.

Chrysler, kampuni pinzani ya General Motors, nao walitangaza kwamba mapezi yao yanatuliza gari kwenye upepo. Hapo ndipo msomaji anatakiwa kuwa makini. Nguvu ya hewa inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwenye kilomita 80 kwa saa pezi linapata robo tu ya nguvu ambayo lingepata kwenye 160. Mwenye gari anayekwenda kazini asubuhi asingeona tofauti ya maana. Kwa maoni yangu, pezi la gari la barabarani lilikuwa urembo kwanza, na sababu za kihandisi zilikuja baadaye kulitetea.

Lakini urembo huo uliwapa wahandisi kazi kubwa, na hili ndilo linalonivutia zaidi. Kwa magari ya 1957 Virgil Exner, mchoraji mkuu wa Chrysler, alitaka umbo la kabari: pua iwe chini, mkia uwe juu. Huwezi kushusha pua kama springi kubwa za koili zimesimama wima chini yake. Wahandisi wakaziondoa springi za mbele na kuweka vyuma virefu viwili, vimelala chini ya gari kuelekea nyuma. Mwisho mmoja wa chuma umefungwa usizunguke. Mwingine umeshikana na mkono wa gurudumu. Gurudumu likipanda juu ya tuta, chuma kinasokotwa kama mtu anavyokamua kanga, kisha kinajisokotoa na kulirudisha gurudumu chini. Pua ikashuka, na gari likakata kona vizuri kuliko wapinzani wake. Gia otomatiki mpya ya hatua tatu nayo ilikuwa ya kubonyeza vitufe, kushoto kwa usukani. Kwa bahati mbaya magari yale yalisifika pia kwa ubaya: maji yalipenya ndani, kutu ikaanza mapema.

Chuck Jordan, mchoraji kijana wa General Motors, aliyaona magari hayo ya 1957 kupitia uzio wa Chrysler kabla hayajatangazwa. Alirudi kazini na habari hiyo, na michoro ambayo General Motors ilikuwa imeiandaa kwa mwaka 1959 ikatupwa. Kilichotoka badala yake ni Cadillac ya 1959, yenye mapezi marefu kuliko yote, kila moja na taa mbili zilizochongoka kama risasi. Gari lina urefu wa meta 5.7. Injini ni V8 ya lita 6.4 yenye nguvu za farasi 325.

Chini ya bati kuna fremu isiyo na reli za pembeni. Vyuma vyake vinatoka kwenye pembe nne na kukutana katikati kama herufi X, na propela shafti, chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, inapita hapo kwenye makutano. Kwa kuwa pembeni hakuna reli, sakafu iliweza kushushwa na gari zima likawa fupi kwa kimo. Gharama yake ni kwamba likigongwa ubavuni hakuna chuma kinene cha kumkinga abiria. Breki zilikuwa za ngoma magurudumu yote manne, kwa gari la zaidi ya tani mbili. Kwenye mteremko mrefu ngoma hupata moto na breki hupungua kushika.

Baada ya hapo mapezi yalianza kushuka. Exner mwenyewe aliyaita magari yake ya 1962, yaliyokatwa mapezi, kuku walionyonyolewa. Cadillac ya mwisho kuwa nayo ni ya 1964. Mwaka uliofuata Ralph Nader, mtetezi wa usalama wa magari, aliandika juu ya watu waliochomwa na ncha za mabati yale, na sioni uzuri wowote unaoweza kufidia hilo.

Afrika Mashariki tuliyafahamu mapezi kwa njia ya Ulaya, yakiwa madogo na ya kiasi. Peugeot 404 ilikuwa na vipezi vyembamba nyuma, na ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, dereva wa Tanzania. Kabla yake, mwaka 1961, John Manussis alishinda akiwa na Mercedes-Benz 220 SE, nayo yenye vipezi. Mercedes hawakudai kwamba vipezi vyao vinapambana na upepo. Waliviita alama za kupimia: dereva anaporudi nyuma, akigeuza kichwa, aone gari lake linaishia wapi.