Machapisho ya serikali maktabani: faharasa, mikrofishi, na swali la nani aliyetoa

Chapisho la serikali ni maandishi yaliyochapwa kwa amri au kwa gharama ya serikali ili yasomwe na watu walio nje ya ofisi iliyoyaandika. Gazeti la Serikali limo, sheria na kanuni zimo, na vilevile taarifa za mwaka za wizara, ripoti za tume, matokeo ya sensa, makadirio ya bajeti na Hansadi za Bunge, yaani kumbukumbu za mijadala yake. Barua ya mkuu wa wilaya kwenda Entebbe, makao ya serikali ya kikoloni, miaka ya 1930 haimo. Hiyo iko ndani ya jalada, na majalada huulizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka pale Wandegeya. Mtu asiyetenganisha mambo haya mawili anaweza kumaliza asubuhi nzima akimsumbua mkutubi kwa kitu ambacho hakijawahi kufika maktabani.

Kwa Uganda, pa kuanzia ni Maktaba Kuu ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambayo tangu 1958 inatambuliwa kisheria kuwa mahali pa kuwekea nakala za vinavyochapwa nchini. Maktaba ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ilipewa haki hiyohiyo. Haki ya kupokea nakala ni jambo moja na kuletewa nakala ni jingine, kwa hiyo usishangae ukikuta taarifa za idara fulani zinaruka mwaka.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye katalogi. Kitabu cha kawaida kina mwandishi na kichwa, basi. Ripoti ya serikali haina mwandishi kwa maana hiyo. Mwandishi wake ni ofisi, na katalogi humwandika hivyo: kwanza Uganda, kisha jina la idara au wizara, kisha kichwa cha ripoti, ambacho mara nyingi ni "Taarifa ya Mwaka" na hakuna zaidi. Mwanafunzi anayetafuta kwa neno la mada yake, tuseme kahawa au malale, atapata vitabu vya maprofesa na kukosa ripoti zilizowalisha maprofesa hao. Ndiyo maana swali la kwanza si "inahusu nini" bali "nani aliitoa, na wakati huo aliitwaje".

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayowaangusha wengi. Chukua suala la Kiswahili katika elimu ya Uganda, ambalo wasomaji wa lugha hii wangependa kulifuatilia. Gavana William Gowers, aliyetawala kuanzia 1925 hadi 1932, aliandika waraka mwaka 1927 akitaka Kiswahili kiwe lugha ya shule na ya utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akaupinga hadharani mwaka 1929. Ukitaka kuona jambo hili lilivyotembea serikalini, utafungua taarifa za Idara ya Elimu. Lakini idara hiyo ilianzishwa 1925. Kabla ya hapo karibu shule zote zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na ukiuliza faharasa "Idara ya Elimu, 1920" itanyamaza, kwa sababu idara haikuwepo. Tena nyaraka za enzi hizo huandika "Ki-Swahili" kwa kistari, na kompyuta isiyofundishwa huliona hilo kuwa neno jingine kabisa.

Majina ya mahali nayo yana mtego wake. Kabale ya leo utaikuta ndani ya Kigezi, Mbarara ndani ya Ankole, Gulu ndani ya Acholi. Wilaya zimegawanywa tena na tena, na faharasa ya zamani haijui hilo. Anayetafuta takwimu za wilaya yake kwa jina la sasa aandike kwanza pembeni mama yake na bibi yake kiutawala.

Kuna pia machapisho yanayoihusu Uganda ambayo hayakutolewa na Uganda. Sensa ya 1948 ilifanywa na Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki iliyokuwa Nairobi, chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, kwa hiyo imepangwa chini ya Afrika Mashariki. Reli, posta na forodha ni hivyohivyo kwa miaka mingi, mpaka Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Ripoti ya mwaka 1962 juu ya mgogoro wa Buganda na Bunyoro kuhusu "kaunti zilizopotea", yaani maeneo ya Bunyoro yaliyowekwa chini ya Buganda, ilichapwa London kama karatasi ya serikali ya Uingereza yenye namba Cmnd. 1717. Watu huiita ripoti ya Molson, kwa jina la mwenyekiti wake, na ukitafuta "Molson" kwenye orodha ya waandishi huenda usimwone. Ndivyo ilivyo pia kwa ripoti ya Castle ya 1963 kuhusu elimu. Tume hujulikana midomoni kwa jina la mwenyekiti, ilhali katalogi inazijua kwa jina rasmi. Mkutubi mzoefu ana majina yote mawili kichwani, na kumuuliza si aibu.

Faharasa, basi, ndicho chombo kinachounganisha unachokijua na kile ambacho rafu inakijua. Zipo za aina nyingi. Moja muhimu kwa nchi hii ni mwongozo wa machapisho rasmi ya Uganda uliopangwa kwa mada na Beverly Ann Gray wa Maktaba ya Bunge la Marekani, uliotoka 1977. Unaingia kwa mada, unatoka na jina la ofisi, kichwa kamili na mwaka. Ukishapata hivyo vitatu, kazi iliyobaki ni ya miguu. Kwa sheria, faharasa ni orodha ya sura, yaani namba ambayo kila sheria hupewa katika mkusanyo wa sheria, na hapa uwe macho: toleo jipya la Sheria za Uganda lililoanza kutumika Julai 2024 limebadilisha namba. Sheria ya Ardhi, iliyokuwa Sura ya 227 katika toleo la 2000, sasa ni Sura ya 236. Hukumu na makala za miaka yote iliyotangulia bado zinataja 227, kwa hiyo andika namba pamoja na toleo, la sivyo msomaji wako ataangukia sheria isiyohusika.

Gazeti la Serikali linahitaji maelezo yake, maana ndilo linaloulizwa zaidi na watu wasio wasomi. Hati ya ardhi ikipotea, kusudio la kutoa nyingine hutangazwa humo. Mtu akibadilisha jina kwa hati rasmi, humo. Kila tangazo lina namba na mwaka wake, na si lazima lifuate mpangilio wa kurasa unaoutarajia. Miswada, sheria na kanuni hutoka kama nyongeza za Gazeti, na maktaba nyingi huzijalidi peke yake. Kwa hiyo ukifungua jalidi la Gazeti la mwaka fulani usiione sheria unayoitaka, usikate tamaa. Uliza jalidi la nyongeza.

Sasa mikrofishi. Ni kipande cha filamu bapa, milimita 105 kwa 148, karibu sawa na kadi ya posta, chenye kurasa zilizopigwa picha na kupunguzwa sana. Kwa upunguzaji wa mara 24, kipande kimoja hubeba kurasa 98, safu 7 zenye picha 14 kila moja. Cha zamani chenye upunguzaji mdogo zaidi hubeba kama 60. Ukanda wa juu umeandikwa kwa herufi zinazosomeka kwa macho: jina la chapisho, mwaka, na namba ya kipande, kwa mfano 2/3. Hicho ndicho kitu cha kwanza kusoma kabla hujawasha chochote, maana ukurasa wa 150 wa ripoti ndefu hauwezi kuwa kwenye kipande cha kwanza.

Mashine ya kusomea haina mengi. Unavuta kibao hadi mwisho kuelekea kwako, kioo cha juu kinainuka chenyewe, unaweka filamu ukiishika pembeni tu, unasukuma. Maneno yakija kichwa chini, geuza filamu, usigeuze shingo. Nyingi zina kidole kinachotembea juu ya kadi yenye herufi kwa safu za kulala na namba kwa safu za kusimama, kwa hiyo ukurasa ulioupata leo unaweza kuuandika "C9" na kesho ukaurudia moja kwa moja. Dakika za kwanza mkono unakwenda kulia na picha inakwenda kushoto, na kila mtu hujiona mjinga. Umeme ukikatika, filamu bado inasomeka kwa mwanga wa dirisha na lenzi yenye nguvu, jambo ambalo diski za miaka ya 1990 haziwezi kujisifia.

Kilichofanya serikali na maktaba zikimbilie filamu ni karatasi kuliwa na mchwa na rafu kujaa, pamoja na urahisi wa kutuma nakala. Kampuni ya Chadwyck-Healey ya Uingereza, kwa mfano, ilitoa kwa mikrofishi takwimu rasmi za nchi za Afrika kuanzia 1867 hadi 1982. Filamu lakini haiokoi kisichokuwepo. Data nyingi za sensa ya Uganda ya 1980 zilipotea katika vurugu za miaka ile, na hakuna faharasa itakayokupa majedwali kamili.

Magazeti ya Serikali mengi sasa yako mtandaoni, na ni baraka. Tatizo ni kwamba utafutaji wa neno unategemea jinsi mashine ilivyoyasoma maandishi, na karatasi iliyofifia husomwa vibaya: herufi moja ya jina la ukoo ikikosewa, tangazo halionekani. Ikitokea hivyo, rudi kwenye faharasa ya mwaka husika ikiwa imejalidiwa, au pitia matoleo ya miezi inayokaribiana na tukio, kisha andika tarehe ya toleo na namba ya tangazo. Wakili au ofisi ya ardhi itakuuliza hivyo viwili kabla ya kuitazama picha uliyopiga kwa simu.