Je, skizofrenia husababishwa na kinga ya mwili iliyoshuka?

Kijana wa Masasi au Nachingwea akianza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, dalili mojawapo ya ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, majirani huwa na majibu tayari: karogwa, ana shetani, anavuta bangi. (Bangi kweli huongeza hatari.) Siku hizi lipo na jibu lenye sura ya kitaalamu: kinga imeshuka, apewe mlonge ipande. Hili ndilo hatari zaidi, maana limejengwa juu ya nusu ya ukweli.

Kinga inahusika, ila si kwa kupungua. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, Steven McCarroll akiwamo, walilinganisha jeni za wagonjwa wa skizofrenia wapatao 29,000 na za watu 36,000 wasio nayo. Waliorithi aina za jeni ya C4 zinazozalisha kwa wingi protini ya jina hilohilo walikuwa na hatari kubwa kidogo. C4 ni askari wa kinga: hubandika alama kwenye bakteria ili seli nyingine ziwamalize. Kumpandishia kinga mtu wa namna hii ni kumwongezea kile ambacho huenda tayari anacho kupita kiasi.

Sasa bakteria na mawazo vinakutana wapi? Tazama shamba la korosho likipogolewa. Mmoja anatangulia na rangi, anatia alama matawi ya kuondoa. Wenye misumeno wanafuata. Mkorosho uliosongamana hauzai vizuri, kwa hiyo kazi hiyo ni ya lazima. Ubongo nao una miunganiko ya seli mingi kuliko inayohitajika, na katika ujana hupunguzwa. C4 ndiye mwenye rangi. Seli ziitwazo maikroglia ndizo zenye misumeno, nazo hukata palipotiwa alama bila kuuliza. Rangi ikizidi, yanaanguka hata matawi yenye kuzaa. Na ugonjwa huu hujitokeza zaidi kuanzia mwishoni mwa ujana.

Kazi hiyo ya C4 ilionekana kwa panya. Kwa binadamu ushahidi bado si wa moja kwa moja, na wengi wenye jeni hizo hawaugui kamwe.

Tiba haijafika huko. Haloperidoli na dawa nyingine nyingi za skizofrenia hufanya kazi kwenye dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni. Minosaiklini, antibiotiki inayotuliza maikroglia, ilijaribiwa Uingereza, na matokeo ya 2018 hayakuonyesha faida.

Upo, hata hivyo, ugonjwa unaofanana sana na skizofrenia ambao dawa za kutuliza kinga huutibu. Josep Dalmau na wenzake waliueleza mwaka 2007: kinga hushambulia vipokezi vya NMDA, sehemu za seli za ubongo zinazopokea ujumbe. Kwa hiyo mtu aliyechanganyikiwa ghafla, akawa na degedege, homa au mwili kukakamaa, awahishwe hospitali, Ligula au Ndanda, siku hiyohiyo.