Skana huria ya ultrasaundi ni nini, na kwa nini profesa wa elektroniki huitengeneza

Skana huria ya ultrasaundi ni mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, lakini imeundwa ili mtafiti aamue mwenyewe mambo mawili ambayo mashine ya hospitali humfungia: sauti ya namna gani itumwe mwilini, na mwangwi unaorudi ushughulikiwe vipi. Mashine ya hospitali humpa daktari picha iliyokamilika. Skana huria humpa mhandisi ishara zenyewe za umeme zikiwa bado ghafi, pamoja na nafasi ya kuandika kanuni zake za kuzigeuza kuwa picha.

Nje ya maabara dhana hii haijulikani sana, na hiyo ni hasara. Bila kuielewa ni vigumu kujua profesa wa elektroniki anafanya nini miaka yote hiyo katika fani inayoonekana kuwa ya madaktari. Wengi hudhani mhandisi huunda mashine, akaikabidhi, kazi yake ikaishia hapo. Sivyo. Picha ya ultrasaundi haipigwi kama ya kamera. Inakokotolewa, na kila uamuzi wa hesabu unaacha alama kwenye picha. Anayebadilisha hesabu anabadilisha kile daktari anachoweza kukiona.

Tuanze na probu, kile kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi iliyopakwa jeli. Ndani yake mna vipande vidogo vya kauri maalumu vilivyopangwa kwa mstari, mara nyingi 128 au 192. Kipande kikipigwa umeme hutikisika na kutoa sauti. Kikitikiswa na sauti hutoa umeme. Wa kwanza kuielezea tabia ya fuwele kuzalisha umeme zikigandamizwa walikuwa ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Masafa yanayotumika hospitalini huwa kati ya MHz 2 na 15 hivi, juu mno kwa sikio la binadamu. Mashine huchukulia kwamba sauti husafiri mita 1540 kwa sekunde katika nyama laini, na kwa MHz 5 urefu wa wimbi moja ni kama milimita 0.3.

Sasa chukua nukta moja iliyo milimita 30 chini ya kipande cha katikati cha probu. Mwangwi wake hufika kwanza kwenye kipande hicho. Kipande kilicho milimita 10 pembeni kiko mbali kidogo zaidi, milimita 31.6 kutoka kwenye nukta ile ile. Tofauti hiyo ya milimita 1.6 ni kuchelewa kwa takriban maikrosekunde 1. Ni muda mfupi mno, ila kwa MHz 5 wimbi zima hukamilika ndani ya maikrosekunde 0.2, kwa hiyo ishara za vipande hivyo viwili zimepishana kwa mawimbi matano hivi. Ukizijumlisha zilivyo, hazisaidiani, na pengine zitafutana kabisa. Ndiyo maana mashine huichelewesha ishara ya kila kipande kwa kiasi chake, kwa usahihi wa makumi ya nanosekunde au chini ya hapo, kisha huzijumlisha. Halafu huhamia nukta inayofuata na kuanza upya, mpaka picha nzima itimie, na picha zenyewe ni makumi kwa kila sekunde.

Juu ya hayo, mwili hunywa sauti. Kipimo ambacho wahandisi hukitumia kwa makadirio ni desibeli 0.5 kwa kila sentimita kwa kila MHz. Kwa MHz 5, mwangwi kutoka kina cha sentimita 10 umepita sentimita 20 kwenda na kurudi, na umepoteza desibeli 50, maana yake nguvu yake imepungua mara 100,000. Saketi ile ile inayopokea mwangwi mkubwa kutoka chini tu ya ngozi lazima, maikrosekunde mia moja na kitu baadaye, isikie huu dhaifu pasipo kuufunika kwa kelele zake yenyewe. Ukitafuta mahali ambapo elektroniki inabeba uzito wa ultrasaundi, ni hapa.

Swali linalofuata ni la wingi wa data. Vipande 128 vikisomwa mara milioni 40 kwa sekunde, kila somo likiwa la biti 12, unapata zaidi ya gigabaiti 7 kila sekunde. Mashine ya hospitali huzijumlisha papo hapo na kutupa kilichobaki, kwa sababu daktari anahitaji picha, na mtengenezaji hana sababu ya kuhifadhi mlima wa namba ambazo hakuna mteja atakayezifungua. Kwa mtafiti, kilichotupwa ndicho alichokuwa anakitafuta. Mashine ikishajumlisha, huwezi kurudi nyuma ukajaribu namna nyingine ya kuchelewesha, wala kutoa uzito tofauti kwa vipande vya pembeni, wala kuuliza kama kasi ya mita 1540 kwa sekunde ilikuwa sahihi kwa mgonjwa mwenye mafuta mengi chini ya ngozi, ambamo sauti huenda polepole zaidi.

Mfano unaoonyesha vizuri thamani ya jambo hili ni upimaji wa mwendo wa damu. Kipimo cha Doppler, yaani kile kinachosoma kasi ya damu kutokana na badiliko la masafa ya mwangwi, hutambua tu sehemu ya mwendo inayoelekea kwenye probu au kutoka kwake. Ateri ya shingo hupita karibu sambamba na ngozi, kwa hiyo mwale wa sauti ulioshuka wima huikata kwa pembe ya karibu nyuzi 90, na hapo Doppler haioni karibu chochote. Mpimaji huinamisha mwale, kisha huiambia mashine pembe anayodhani ipo kati ya mwale na mshipa. Pembe halisi ikiwa nyuzi 65 na yeye akaandika 60, kasi inayosomeka itakuwa pungufu kwa asilimia 15 hivi. Ikiwa 75 na akaandika 70, pengo linafika karibu asilimia 24. Namba hiyo ndiyo daktari anayoitumia kukadiria kama mshipa umeziba kiasi cha kuhitaji matibabu. Sioni kwa nini jambo zito namna hiyo liachwe litegemee mstari uliochorwa kwa mkono kwenye kioo.

Mwaka 1998 Jørgen Arendt Jensen na Peter Munk, wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, walichapisha njia ya kupima pia mwendo wa kukata mwale. Vipande vya probu vilibaki vile vile. Kilichobadilika ni uzito unaopewa kila kipande wakati wa kupokea, ili usikivu wa mashine uwe unapanda na kushuka kwa mawimbi kuelekea upande na si kuelekea chini tu. Damu inayopita kwa ubavu sasa inaacha alama inayosomeka. Wazo lote limo kwenye kujumlisha, na kwenye mashine iliyofungwa huwezi kulijaribu hata kwa bahati.

Njia nyingine ni kutuma wimbi bapa. Kwa kawaida mashine hujenga picha mstari kwa mstari. Kwa kina cha sentimita 15, sauti huchukua maikrosekunde 195 kwenda na kurudi. Mistari 128 hula milisekunde 25, na mwisho wake ni picha 40 kwa sekunde. Ukifyatua vipande vyote kwa pamoja, sauti huenea eneo lote, na data za mfyatuo mmoja zinatosha kukokotoa picha nzima. Kinadharia unapata zaidi ya picha 5000 kwa sekunde. Kila moja ina ukungu, hivyo watafiti huunganisha chache zilizotumwa kwa pembe tofauti. Kundi la Mathias Fink na Mickael Tanter jijini Paris lilitumia kasi hiyo kufuatilia mawimbi ya mtikisiko yanayokwenda mita chache tu kwa sekunde ndani ya ini au titi, na kutokana na mwendo wa mawimbi hayo wakakadiria ugumu wa tishu.

Tukija kwa profesa wa elektroniki mwenyewe, nadhani hakuna mfano wazi kuliko Piero Tortoli wa Chuo Kikuu cha Florence, Italia. Kazi yake ya muda mrefu imekuwa kwenye Doppler, hasa kuisoma damu katika vina vingi kwa wakati mmoja, ili badala ya kasi moja ya jumla uone mchoro kamili kutoka ukuta mmoja wa mshipa hadi wa pili: kasi katikati, polepole kandokando. Kipimo cha aina hiyo kinadai ishara nyingi zichambuliwe mgonjwa akiwa bado kitandani, kwa hiyo maabara yake ilijenga bodi zake. Kutoka kwenye utamaduni huo wa kujenga ikazaliwa ULA-OP, skana huria iliyoelezwa kwenye jarida la kitaaluma mwaka 2009. Ilikuwa na chaneli 64, yaani njia za umeme za kutuma na kupokea ishara za kipande kimoja kimoja, iliweza kufungwa probu ya vipande 192, na ilikuwa ndogo kiasi cha kupelekwa kliniki. Mwaka 2016 ikafuata ULA-OP 256 yenye chaneli 256. Maabara nyingine za Ulaya zimezitumia mashine hizi kwa tafiti zao.

Kwa nini chaneli ziongezeke? Kwa ajili ya picha za pande tatu. Probu ya mstari huona kipande chembamba tu cha mwili. Ili uone ujazo mzima unahitaji vipande vilivyopangwa kwa mraba, na mraba wa 32 kwa 32 peke yake una vipande 1024. Denmark walijenga SARUS, mfumo mkubwa wa maabara wenye chaneli 1024. Kwa upande wa Florence, skana nne za ULA-OP 256 zikiunganishwa na kuendeshwa kwa mapigo ya saa moja ya kielektroniki hufikia idadi hiyo hiyo. Wengine huchagua vipande vichache vilivyotawanywa kwa hesabu maalumu na kuacha vilivyobaki, wakikubali kelele kidogo zaidi kwenye picha ili wapunguze nyaya na gharama.

Kuna makundi mawili ya skana hizi. Moja huweka hesabu ndani ya vifaa, yaani chipu za FPGA, ambazo saketi zake za ndani zinaweza kupangwa upya, na vichakataji vya ishara vilivyo kwenye bodi. ULA-OP iko huku. Faida yake ni kwamba matokeo huonekana papo hapo. Ubaya ni kwamba kuzibadilisha kunahitaji mtu anayezijua chipu hizo kwa undani, na watu hao si wengi. Kundi la pili huzipeleka data ghafi kwenye kompyuta yenye kadi za michoro, na mtafiti huandika programu ya kawaida. Mashine za kampuni ya Verasonics ya Marekani ndizo zinazojulikana zaidi hapo. Kwa mwanafunzi anayeanza, kundi la pili ni rahisi kulizoea. Kwa anayetaka kupima wagonjwa kwa njia mpya huku picha ikitembea kwenye kioo, la kwanza lina nguvu zake. Mwaka 2018 Tortoli, Jensen na wenzao waliandika kwa pamoja mapitio ya skana hizi na mwelekeo wake.

Maisha ya kitaaluma ya mtu wa namna hii yana ugumu wake, na unastahili kusemwa waziwazi. Bodi moja huchukua muda mrefu kabla haijatoa picha ya kwanza ya maana. Mwanafunzi wa uzamivu anaweza kutumia sehemu kubwa ya masomo yake kwenye usambazaji wa umeme au saa ya mfumo, halafu makala inayong'ara ikaandikwa na atakayekuja baada yake. Vyuo hupima watu kwa idadi ya makala, na saketi haihesabiwi. Kwa maoni yangu, makala moja inayoeleza mashine ambayo maabara nyingine zimeweza kuitumia ina uzito kuliko nyingi zinazoboresha kidogo kanuni moja kwenye data za kuigizwa kwa kompyuta. Nasema hivyo bila kudharau uigizaji. Programu ya Field II, ambayo Jensen aliiandika na kuisambaza, imefundisha kizazi kizima cha watafiti jinsi sauti inavyoenea mbele ya probu. Lakini mwili halisi hupumua, husogea, na una mafuta na mifupa mahali usipotarajia.

Uhuru wa skana hizi una upande wa hatari, na wanaoutaja ni wachache kuliko inavyopasa. Mashine ya hospitali huja na mipaka ya kiwandani. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwa mfano, huweka kikomo cha 1.9 kwa kipimo cha mtikisiko wa kimakanika, yaani kile kinachokadiria uwezekano wa mtikisiko wa sauti kudhuru tishu, na miliwati 720 kwa sentimita ya mraba kwa wastani wa nguvu pale sauti ilipo kali zaidi. Kwenye skana huria, anayeandika mfuatano wa kufyatua ndiye anayebeba jukumu la kubaki ndani ya mipaka hiyo. Kwa hiyo kabla probu haijagusa ngozi ya mtu, huzamishwa kwenye tangi la maji na shinikizo la sauti yake hupimwa kwa haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, nukta kwa nukta. Kibali cha kamati ya maadili huja juu ya hapo, na hakichukui nafasi ya kipimo.

Huria hapa haina maana ya bure, wala haimaanishi kwamba michoro yote ya saketi imechapishwa. Inahusu njia ya kuzifikia ishara, na njia hiyo ina ngazi. Baadhi ya mashine hukupa ishara zilizokwisha kujumlishwa tu. Hapo unaweza kuboresha Doppler au kuchambua tishu, lakini huwezi kugusa uchelewesho. Nyingine hukupa kila chaneli peke yake kabla ya kujumlisha. Za juu kabisa hukuachia pia umbo la wimbi linalotumwa kutoka kila kipande. Ukisoma makala inayodai njia mpya ya kujenga picha, tafuta kwanza kwenye sehemu ya mbinu data zilichukuliwa katika ngazi ipi. Kama ni baada ya kujumlisha, basi waandishi wamerekebisha picha iliyokwisha kujengwa na mtu mwingine.