Meseji zikikwama, usikimbilie kuzima faya-woli
Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, meseji za WhatsApp zikikwama kwenye Wi-Fi, husemwa kuwa faya-woli (kinga inayochuja mawasiliano) ya ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi, inazizuia, basi izimwe. Wazo hili lina mantiki yake, maana kazi ya faya-woli ni kuzuia.

Lakini ile ya ruta za nyumbani kwa kawaida huzuia wanaobisha kutoka nje bila kuitwa. Kwenye meseji, simu yako ndiyo inayotangulia kufungua mawasiliano na seva, yaani kompyuta za WhatsApp, mara nyingi kupitia poti (mlango wa mawasiliano wenye namba) 443, ileile ya tovuti salama, na majibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Ukiizima faya-woli, kamera au kompyuta ya nyumbani inaweza kufikiwa na mtu usiyemjua. Hilo linanitia wasiwasi kweli.

Jipimie mwenyewe. Zima Wi-Fi, tumia bando la simu. Meseji zikipita, rudi kwenye Wi-Fi ufungue tovuti ambayo hujawahi kuitembelea. Nayo ikigoma, shida ni intaneti ya nyumbani, pengine kifurushi kimeisha. Ikifunguka, kagua saa na tarehe ya simu, kisha zima VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, kama unayo.

Kupiga simu za sauti ni suala tofauti kidogo: hupendelea UDP, njia ya kutuma data haraka bila kusubiri uthibitisho, ambayo ruta zenye masharti makali zinaweza kuibana.